Kutoka Ndosho hadi Butembo, na Vyoo vya Njiani

Tangu nirudi, kila anayeleta kitambaa hapa kwangu mtaa wa Ndosho, Goma, anakaa kwenye benchi, ananiangalia nikipitisha uzi kwenye sindano, kisha anauliza kwa sauti ya chini: "Mama Kahindo, ni kweli ulisimamisha harusi ya mutoto wako kwa ajili ya choo?" Wengine wanaficha kicheko. Mmoja aliniambia ningevumilia tu, kwa kuwa harusi ni siku moja. Nikamwambia akae hapo kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jioni bila kuinuka, halafu tuzungumze.

Nimechoka kusimulia vipande vipande, na kila kipande kinafika mtaa wa Katindo kimeongezewa chumvi. Basi haya ndiyo yaliyotokea, tangu mwanzo.

Anayenijua anajua kwamba polio ilinichukua miguu nikiwa mdogo. Natembea kwa kigari cha magurudumu, na mikono yangu ina nguvu ya kunitoa kitini na kunirudisha. Masika, binti wa kaka yangu Paluku, nilimlea mimi tangu mama yake alipofariki, mpaka alipokuwa mwalimu akarudi Butembo kufundisha. Alipopata mchumba, hakukuwa na mjadala wa nani angekaa kwenye kiti cha mama.

Paluku alinipigia simu akiwa na furaha ya mtu aliyeokota dhahabu. "Dada, nimekutafutia salle ya kufanyia karamu. Kuko toilette ya batu ba handicap! Alama yao iko kwenye mulango, nimeiona na macho yangu."

Nililia. Ninyi mnapopanga safari mnauliza barabara ikoje. Mimi nauliza choo kiko wapi, kina ngazi au hakina, mlango unapitisha kigari au haupitishi. Nisipopata jibu, nakaa nyumbani, au sinywi maji tangu siku ya kuamkia safari. Ndiyo maana figo zangu zimekwisha kunilaza hospitali, na daktari akanionya kwamba kubana mkojo kutaniua kabla ya uzee. Sasa hapa kulikuwa na salle nzima yenye mlango wangu. Nikashona nguo ya kitambaa cha kijani chenye maua ya dhahabu, nguo nzuri kuliko zote nilizowahi kumshonea mtu mwingine.

Goma mpaka Rumangabo

Kwenye parking ya magari ya kaskazini, shofa, dereva wetu, alikichukua kigari changu akakifunga juu ya basi, chini ya magodoro na mabidoni matupu ya maji. Nilimwomba akiweke mahali pa kushusha haraka.

"Mama, usiogope, tutafika nacho Butembo," akasema.

"Sitakihitaji Butembo tu. Nitakihitaji njiani."

"Njiani utafanya nacho nini? Si uko ndani ya gari?"

Hilo ndilo neno la kwanza nililomeza safarini. Kwa shofa yule, mtu kama mimi akishawekwa kitini amewekwa, kama gunia la maharagwe. Halishuki mpaka lifike sokoni.

Kando yangu alikaa mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, Mama Noella. Alikuwa anaelekea Vitshumbi kununua samaki, na vikapu vyake vitupu vilinukia safari zote za zamani. Kabla hatujaipita Kibumba alikuwa amekwisha kunieleza habari za waume zake wote wawili na za mkwe asiyejua kupika sombe. Nilimpenda papo hapo.

Karibu na Rumangabo injini ikaanza kutoa moshi. Tukashushwa wote, mimi nilishushwa mgongoni mwa kondakta na kuwekwa kwenye jiwe kando ya barabara. Kigari kilibaki juu. "Tukifungua, mizigo yote itaanguka, tutachelewa," alisema shofa, wakati basi lenyewe lilikuwa limelala pale bila dalili ya kuamka.

Watu wakatawanyika. Wanaume waligeukia miti. Wanawake waliingia kwenye restora ya mbao iliyokuwa ng'ambo ya barabara, wakapanda ngazi za mawe, wakazunguka nyuma. Mimi nilibaki naziangalia ngazi zile. Mama Noella aliporudi, nilimwomba aniitie mwenye restora. Akaja, mwanamume wa makamo mwenye kitambaa begani, akamwangalia Mama Noella.

"Anataka nini?"

"Muulize yeye. Iko na kinywa," Mama Noella akajibu.

Nikamwambia kwamba natafuta namna ya kufika musalani. Sijui alisikia nini. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaondoka, akarudi na sahani ya wali na maharagwe, akaiweka mapajani mwangu.

"Kula, mama. Hapa kwangu batu ba shida hawalipe."

"Papa, sikuomba chakula. Nimeomba choo."

"Kula tu. Ni bure. Mungu anaona."

Akaondoka akiwa ameridhika na nafsi yake. Nawaambia ukweli, nilikula. Nilikula kwa hasira, na maharagwe yalikuwa matamu. Lakini fikirini: ilikuwa rahisi kwa mtu yule kunipa sahani nzima ya chakula kuliko kuamini kwamba nina kibofu kama chake.

Mama Noella aliinuka. Alifungua liputa lake, kitenge cha juu, akamwita mwanamke mwingine ashike upande mmoja, wakanizungushia nyuma ya basi. Huku nikihangaika kwenye majani, nilimsikia akiwafokea wanaume waliokuwa wakipita: "Munaangalia nini? Hamuna mama kwenu?" Namshukuru mpaka leo. Lakini sikuzaliwa ili nikojoe nyuma ya basi kwa ulinzi wa vitambaa.

Kiwanja mpaka Kanyabayonga

Kiwanja tulingoja sana, maana magari hayaingii mbugani moja moja, yanangojana yaende kwa msafara wenye ulinzi. Tuliuziwa mahindi ya kuchoma na ndizi mbivu. Sikugusa maji. Mama Noella alinisukumia chupa yake mara kwa mara, mimi nikaikataa, mpaka akaelewa.

"Unajinyima maji juu ya ngazi za batu?"

"Nifanye nini?"

"Ukasirike!" akasema kwa sauti iliyogeuza vichwa vya watu wa viti vya mbele. "Mimi ningekasirika mpaka basi ipinduke."

Nilicheka. Sikuwa nimewahi kupewa ruhusa ya kukasirika kwa jambo hili. Kwetu mtu mwenye ulemavu huambiwa ashukuru. Akibebwa, ashukuru. Akisahauliwa juu ya jiwe, ashukuru kwamba jiwe lilikuwa na kivuli.

Mama Noella alishuka Rwindi, mahali inapokata njia ya Vitshumbi. Alinikumbatia kupitia dirishani, vikapu vikimgonga kisogoni, na basi likaanza kuupanda mlima wa Kabasha. Wenye macho walitazama nyuma bonde lote likienea mpaka ziwani, wakashangilia. Mimi nilifumba macho nikihesabu kona kwa kibofu.

Kanyabayonga tulifika jua linashuka, na shofa akasema tutalala. Mwenye nyumba ya wageni alitoka mwenyewe kunipokea. Aliangalia kigari, ambacho hatimaye kilikuwa kimeshushwa, akafurahi.

"Mama, uko na bahati! Kuko chumba ya chini, hakuna ngazi hata moja."

Kweli, chumba kilikuwa cha chini, kisafi, na mlango wake ulinipitisha. Nikaanza kumwombea baraka. Kisha nikauliza choo. Akanionyesha dirishani: kibanda cha mabati kwenye mteremko, chini ya vidato vilivyochongwa kwenye udongo, vyenye utelezi wa mvua.

"Pale mimi nitafikaje?"

"Apana, wewe hautaenda," akasema, akiona ametatua kila kitu. "Nilifikiria. Nitakuletea ndoo."

Ndoo aliyoileta ilikuwa ya bluu, na ndani yake kulikuwa bado na mabaki ya chokaa. Aliiweka katikati ya chumba kama zawadi. Nilipoanza kulia, alisimama akichezesha funguo mkononi. Akaniuliza kama nilikuwa nataka ndoo kubwa zaidi.

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniumiza. Laiti angekuwa mbaya, ningemtukana nikalala usingizi. Alikuwa mwema, alikuwa amefikiri, na mahali fikira zake zilipoishia palikuwa ndoo. Asubuhi nilimwambia: "Papa, ulipojenga kile kibanda, mama yako alikuwa hai?" Akasema ndiyo, na kwamba wakati wa uzee wake hakuweza kushuka kule. "Alifanya namna gani?" Akaangalia chini. "Tulimupa ndoo," akasema.

Baridi ya Lubero

Juu kule kwenye milima ya Lubero ukungu uliingia mpaka ndani ya basi. Watu walinunua viazi vya kuchemsha vyenye pilipili, wakavila vikiwa bado vinatoa moshi. Mimi nilikuwa natetemeka, na si kwa sababu ya baridi peke yake. Kiuno kilikuwa kinachoma upande mmoja, nikajua ni yale yale ambayo daktari alinionya. Nilikuwa na vidonge, lakini vidonge vinataka maji mengi. Nilivimeza kwa mate na nusu kikombe cha chai.

Nilijifariji kwa jambo moja: Butembo kuna mlango wangu. Huko nitakunywa.

Salle ya Butembo

Nyumbani kwa Paluku walinipokea kwa vigelegele. Masika alipiga magoti mbele ya kigari, akaweka kichwa mapajani mwangu kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo, nikasahau ndoo na mawe na ukungu. Siku ya harusi, misa ilikwenda vizuri. Ngazi za kanisa nilibebwa, sitaki hata kuzizungumzia.

Salle ilikuwa imepambwa kwa vitambaa vyeupe na vya zambarau. Mlango mkuu ulikuwa na njia ya saruji iliyoinuka pole pole, na kigari kikapanda bila kusukumwa. Kando ya jikoni nikaiona ile alama: mtu amekaa kwenye gurudumu, rangi ya bluu, imechorwa vizuri. Paluku aliniangalia kama mtoto anayengoja kusifiwa. Nilimsifu.

Na nikanywa. Nilikunywa maji, juisi ya maracuja, supu ya kuku, maji tena. Viungo vyangu vyote vilinishukuru. Nilikaa meza ya mbele karibu na Mama Kavira, mama wa bwana harusi, mwanamke mpole wa maneno machache, nikaona kwamba mtoto wangu ameangukia pema.

Wakati ulipofika, nilijisukuma taratibu mpaka kwenye mlango wangu. Ulikuwa umefungwa. Nikamwita kijana wa protokole, mmoja wa wale wanaopokea wageni. Akamwita gérant, msimamizi wa salle, mtu mwenye suti na simu mbili. Gérant akatabasamu.

"Mama, hii tunaweka bintu. Ni dépôt."

"Imechorwa choo."

"Ni alama tu, mama. Toilette iko kule yulu. Nitakutafutia batu bane ba nguvu, watakubeba."

Nilitazama kule juu. Ngazi za choo cha wanawake zilipita mbele ya meza zote za wageni. Nilijiona nikibebwa na wanaume wanne, nguo ya kijani imepanda magotini, kamera ya harusi ikifuata.

"Sibebwi," nikasema. "Fungua."

"Ufunguo haiko hapa."

"Basi niko hapa mpaka ifike."

Nilikigeuza kigari nikakiegesha katikati ya mlango wa jikoni uliokuwa pale pale kando. Wahudumu wakakwama na sinia za nyama. Wageni wakaanza kuuliza chakula kiko wapi. Hivyo ndivyo nilivyosimamisha harusi. Sikuimba, sikutukana mtu. Nilisimamisha nyama.

Ufunguo ulipatikana haraka ajabu, mfukoni mwa gérant yule yule. Mlango ukafunguliwa, makasha ya bia yakaonekana yamepangwa mpaka darini. Paluku alivua koti akaanza kuyatoa mwenyewe. Bwana harusi akaja akamsaidia, na wageni wengine, wakipokezana chupa zikilia. Mimi nilikuwa nauma midomo. Nilikuwa nimenywa kwa imani, na imani ile sasa ilikuwa inanisukuma kutoka ndani.

Kasha la mwisho lilipotoka, taa ikawashwa. Kulikuwa na vigae vyeupe. Kulikuwa na vyuma vya kushikilia pande zote mbili za ukuta, kwa kimo kinachofaa kabisa. Kulikuwa na bomba. Katikati ya vyuma vile, mahali pa kiti cha choo, kulikuwa na tundu lililozibwa kwa saruji.

Hapakuwa na kiti.

Mwili wangu ulikuwa umekwisha kuona mlango ukifunguka, na haukunisubiri. Nilijikojolea pale pale kizingitini, ndani ya nguo niliyoishona kwa mikono yangu, mbele ya kaka yangu, mkwe wangu na wanaume walioshika makasha. Mkojo ulisikika ukidondoka kwenye vigae. Nilitamani mlima wetu wa moto wa Goma uje unifunike.

Gérant alinong'ona, kana kwamba kunong'ona kungesaidia: "Kiti ilikuwako. Wale batu waliotoa feza ya kujenga walikuja, wakapiga picha, wakaenda. Nyuma yake patron, mwenye salle, akaipeleka kwake ku nyumba."

Mama Kavira ndiye aliyetangulia kusogea. Aliingia, akamwambia Paluku, "Toka, papa," akafunga mlango. Masika alikuwa amepenya naye, shela na yote. Waliniosha kwa maji ya bomba lile. Mama Kavira akafungua liputa lake la juu, jipya, la sare ya upande wa bwana harusi, akanifunga kiunoni. Masika alikuwa analia.

"Tantine, twende nyumbani. Nitawaambia unaumwa."

"Siumwi," nikamwambia. "Nipeleke kwenye meza yangu."

Zamu yangu ya kusema ilipofika, nilishika mikro. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri kuhusu ndoa. Badala yake nikasema: "Mumeniona nikiingia na nguo ya kijani. Sasa munaniona na liputa la mkwe. Nimejikojolea mlangoni pa choo kilichochorwa alama yangu, kwa sababu ndani yake hakuna choo. Mimi si mlevi, si mtoto, si mgonjwa wa akili. Nilikunywa maji kama ninyi." Mtu akajaribu kupunguza sauti ya mikro. Muzee mmoja wa upande wa bwana harusi akainua mkono: "Muache aseme." Nikasema: "Nimemaliza. Aibu hii si yangu, naiacha hapa salle, mwenye nayo aichukue." Kisha nikawabariki watoto, kwa maneno yote ya wazee wetu, bila kuruka hata moja.

Jioni ile Paluku hakunisemesha. Shangazi wengine walinisemesha sana: nimeharibu siku ya mtoto, habari za mwili haziletwi mbele za watu. Niliwauliza kwa nini basi kule ngazini wangekubali nibebwe mbele ya watu hao hao. Asubuhi Paluku alisimama mlangoni pa chumba changu, macho mekundu. "Mimi ndiye niliamini ile alama," akasema. "Najua kule patron anakaa. Twende."

Nyumba ya patron

Nyumba ilikuwa mtaani juu, yenye geti jeusi. Patron alitoka akiwa amevaa kandambili, na alipoona kigari akajua mimi ni nani. Butembo nzima ilikuwa inajua.

"Mama, unatafuta nini?"

"Nimekuja kuchukua kiti changu."

Akaanza maneno mengi. Kwamba hakuna mtu wa handicap aliyewahi kuja kwenye salle yake. Kwamba kiti kilikuwa kinakaa bure.

"Watakuja wakae wapi?" Paluku akamkatiza. "Kwenye makasha?"

Ndipo sauti ikatoka ndani ikiuliza kuna nini. Nikaona kwamba kutoka getini mpaka mlangoni kulikuwa na njia ya saruji mpya, isiyo na ngazi. Nikaipanda. Sebuleni alikuwa amekaa mama muzee, mwembamba, fimbo mkononi. Alikuwa ameanguka akavunjika nyonga, na tangu hapo hawezi kuchuchumaa. Ni mama yake patron.

Kumbe patron alijua. Hicho ndicho nilichokuwa nakizungusha kichwani nikimtazama. Nilikuja nikidhani nitakutana na mtu asiyeelewa, kama yule wa maharagwe na yule wa ndoo. Huyu alielewa kila kitu: njia ya saruji, kimo cha vyuma, kiti. Alielewa kwa mama yake, halafu akaishia hapo. Mama za wengine akawachorea alama.

Yule mama akaniomba nimweleze, nikamweleza yote kwa Kinande, bila kupunguza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akamgeukia mwanawe. "Ulinikalisha juu ya kitu cha kuiba," akamwambia. "Mimi ninaenda kuungama kila juma, na nilikuwa sijui dhambi ninayoikalia." Patron, mtu mzima mwenye magari, akasimama pale kama mwanafunzi.

Paluku alikuwa tayari kwenda kuking'oa. Nikamzuia. Siwezi kumwondoa mwanamke mwenye nyonga iliyovunjika ili nimwonyeshe mtoto wake haki. Nilimwambia patron anunue kingine, akitie salle juma hilo hilo, na mama yake awe shahidi.

Ili msiniulize tena: kimewekwa. Masika alikwenda kukiona, nami nilikuwa nimekwisha kurudi Goma kwa njia ile ile, na vyoo vile vile. Makasha yameondolewa. Lakini ufunguo bado unakaa mfukoni mwa gérant, na Masika anagombana naye kila anapoalikwa harusi.

Ila kabla hatujaondoka pale nyumbani, yule mama muzee alinishika mkono. "Mwanangu," akaniuliza, "hautaki kwenda musalani kwanza?"

Lilikuwa swali ambalo hakuna aliyeniuliza tangu Ndosho. Akanionyesha mlango. Ulinipitisha bila kugusa pande. Nikaufunga mwenyewe, kwa ndani. Nikashika chuma, nikajivuta, nikakaa. Hakuna aliyenibeba, hakuna aliyenishikia kitambaa. Dirisha dogo lilikuwa wazi, nikawa nasikia kuku uani. Nilikaa muda mrefu kuliko nilivyohitaji, makusudi kabisa.

Baadaye mlango ukagongwa polepole. Ilikuwa sauti ya patron.

"Samahani, mama. Na mimi niko nangojea."

"Ngojea," nikamwambia.